Ghorofa za Kikwajuni

Kikwajuni ni mtaa wa Ng'ambo, ule upande wa mji wa Zanzibar ulio mashariki ya Mji Mkongwe, jirani na Mnazi Mmoja, Kisiwandui, Miembeni na Michenzani. Kiutawala umegawika shehia mbili, Kikwajuni Juu na Kikwajuni Bondeni, na mgawanyo huo unafuata umbo la ardhi: maji ya masika huteremka kutoka Juu yakapita Bondeni yakitafuta bahari. Kwa vizazi kadhaa ulikuwa mtaa wa nyumba za chini zilizopangana ubavu kwa ubavu, zikitenganishwa na vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana, mmoja hujibanza ukutani mwenziwe apite. Nyumba hizo sasa zinavunjwa moja baada ya moja, na juu ya kiwanja kile kile hupandishwa ghorofa mbili, tatu, hata nne za matufali ya saruji.

Kazi hiyo hasa haifanywi na kampuni wala na mradi wa serikali. Inafanywa na familia, kwa fedha za familia, na kwa hivyo haina bango barabarani wala sherehe ya kuweka jiwe la msingi. Anayepita Kikwajuni ndani ya daladala huenda asione zaidi ya lundo la mchanga pembezoni mwa njia na nondo zilizochomoza juu ya paa. Maelezo haya yanatokana na kumbukumbu za mzaliwa wa Bondeni aliyeishuhudia nyumba ya bibi yake ikivunjwa na kujengwa upya. Nyumba hiyo inachukuliwa kama mfano, maana yaliyoipata yamezipata nyumba nyingi za mtaa.

Ujenzi wa Ng'ambo haueleweki mpaka ijulikane ardhi ilikuwa ya nani. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, watu wengi wa upande huu walimiliki nyumba bila ya kumiliki kiwanja. Kiwanja kilikuwa cha tajiri wa Mji Mkongwe, au kimefungwa wakfu, na juu yake wakajenga watumwa walioachwa huru, mahamali, wavuvi, mafundi na wachuuzi. Wengi walikaa bila ya kulipa kitu au kwa kulipa kidogo, kwa sababu tajiri alihitaji watu wa kumtumikia na kumheshimu kuliko alivyohitaji senti zao. Miaka ya 1920 mambo yaligeuka. Kodi ya kiwanja ikaanza kudaiwa kwa ukali na kupandishwa, na mwaka 1928 watu wa Ng'ambo wakagoma kulipa. Mgomo ulifika mahakamani na barabarani, na serikali ya kikoloni ikalazimika kutunga sheria ya kuzuia kodi hiyo kupanda ovyo. Laura Fair ameusimulia kwa kirefu katika kitabu chake Pastimes and Politics cha 2001, na si vyema mtu kuzungumzia nyumba za Ng'ambo bila ya kuupitia. Mombasa nako, hasa Majengo, utaratibu wa mtu kuwa na nyumba bila ya ardhi uliendelea miaka mingi baadaye, na kesi zake bado hazijesha.

Asiye na ardhi hujenga kitu kinachoweza kung'olewa. Nyumba za zamani za Kikwajuni zilisimamishwa kwa miti ya mikoko, zikafungwa fito, zikajazwa mawe na kukandikwa udongo, kisha kupakwa chokaa kwa mwenye uwezo. Juu ziliezekwa makuti, na baadaye bati. Milango, boriti na bati ndiyo iliyokuwa mali hasa, kwa vile mtu akiondoshwa angeweza kuondoka navyo. Ukuta ulirudi ardhini.

Ramani yake ilikuwa moja, ikipunguzwa au kuongezwa kulingana na kiwanja. Mbele kulikuwa na baraza ya kukalia. Mlango ulifungua kwenye ukumbi ulionyooka katikati, vyumba viwili au vitatu kila upande, na mwisho wa ukumbi kulikuwa na ua, na ndani ya ua kulikuwa na jiko, choo, pahala pa kufulia na, kwa waliobahatika, kisima. Nyumba ya bibi inayoelezwa hapa ilikuwa na vyumba sita na kisima. Upepo wa kusi uliingia kwa mbele ukatokea uani bila ya feni, na hilo lilikuwa jambo la kupimwa na kufikiriwa, wala halikujia tu. Milango ya mbele na ya nyuma iliwekwa kwenye mstari mmoja, na juu ya kuta za vyumba paliachwa nafasi chini ya paa ili joto litoke. Asubuhi mlango wa mbele ukafunguliwa, na mpaka baada ya isha haukufungwa. Kwenye baraza walikaa wanaume, uani wakakaa wanawake, na mgeni akajua papo hapo mpaka wake uko wapi.

Mapinduzi ya Januari 1964 yaliifuta kodi ya kiwanja kwa kuifanya ardhi yote kuwa ya umma. Tangu hapo mtu hana haja ya kuogopa kuondoshwa na mwenye kiwanja, na hapa ndipo ukuta wa kudumu ulipoanza kuwa na maana kwa maskini. Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 ilikuja kuyaweka sawa mambo ya hati, lakini kwa watu wa Bondeni hatua kubwa ilikwisha kupigwa zamani: nyumba ilikuwa yao na hakuna wa kuwaambia ing'oeni.

Mwaka huo huo wa 1964 Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki kabla ya nchi nyengine za Afrika, na Wajerumani wakaleta wahandisi, mashine na ramani. Miongoni mwa kazi zao za mwanzo yalikuwa majumba ya ghorofa ya Kikwajuni na Kilimani, ambayo mpaka leo yamesimama. Baadaye, mwaka 1968, mpango wa mji uliochorwa na Hubert Scholz ulikusudia kuibadilisha Ng'ambo yote iwe mji wa majumba marefu, na matunda yake ndiyo Michenzani: majumba kumi yaliyopangwa kufuata barabara mbili pana zinazokutana, baadhi yake yana urefu wa karibu mita 300. Nyumba nyingi za chini zilivunjwa kupisha barabara na majumba hayo. Wenye nyumba walipewa fleti, na maelfu ya watu walijitolea, au walijitoleshwa, kubeba mawe na kokoto. Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, aliuawa Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972, na mpango ule haukukamilika kama ulivyochorwa.

Wengi hupenda kuyacheka majumba ya Wajerumani kwa ubaya wa sura yake. Hiyo ni hukumu ya mpita njia. Aliyekuwa na jamaa wanaoishi humo anajua kwamba kuta zake ni imara, vyumba vyake vina mwanga, na kila familia ilipata choo chake ndani, jambo ambalo mwaka 1966 halikuwa dogo. Tabu yake ilikuwa nyengine. Fleti haikuwa na ua. Wanawake waliozoea kutwanga, kuanika na kupika nje wakajikuta na kibaraza cha hatua mbili kinachotazamwa na mtaa mzima. Kuku hawakuwa na pa kukaa. Maji yalipokuwa madogo hayakupanda, na ndoo zikapandishwa kwa kamba. Watu, kama kawaida yao, walijitengenezea: baraza ikahamia chini ya ngazi, vibanda vikajengwa mbele ya majumba, na seredani ya mkaa ikawekwa kwenye kibaraza, moshi ukaenda kwa jirani wa juu.

Umeme ulipokatika Unguja kwa mwezi mzima mwaka 2008, na tena kwa takriban miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, pampu zilisimama, na watu wa ghorofani wakateremka na madumu kutafuta visima vya nyumba za chini. Kisima cha uani kwa bibi kilikuwa na foleni kuanzia alfajiri. Hakuna aliyelipishwa. Wakati ule haikumjia mtu fikra kwamba kisima hicho, na ua uliokizunguka, ndivyo vitu vya mwanzo vitakavyofukiwa familia itakapoamua kujenga.

Sababu za kujenga ni tatu, na zimesukana kiasi kwamba ni vigumu kuzitenga. Ya kwanza ni vifaa. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 saruji ilikuwa kitu cha kuombewa kibali. Biashara ilipofunguliwa katikati ya muongo ule, mfuko wa saruji ya Wazo au ya Tanga ukawa bidhaa ya dukani, nondo na bati zikaja kwa majahazi na meli, na kila kona akatokea mtu mwenye kalibu anayepiga matufali. Ya pili ni fedha ya nje. Baada ya 1970, Sultan Qaboos alipoingia madarakani Oman, Wazanzibari wengi walipata makaazi na kazi huko, na fedha ya Maskati na Dubai imejenga vyumba vingi vya Ng'ambo kuliko mkopo wowote wa benki. Ya tatu ni utalii. Nyumba za Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, ziligeuka hoteli na maduka, na waliokuwa wakipanga humo wakavuka barabara kutafuta vyumba. Kikwajuni iko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Darajani, hospitali ya Mnazi Mmoja na ofisi za Vuga. Muuguzi, mhudumu wa hoteli, mwalimu wa skuli na mfanyabiashara kutoka Bara wote wanatafuta chumba hapo hapo.

Lakini kinachoamua hasa siku ya kuvunja nyumba ni mirathi. Bibi alipofariki aliacha watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Kwa sheria ya Kiislamu mwanamme huchukua sehemu mbili na mwanamke moja, kwa hivyo nyumba iligawika mafungu saba, nayo ina vyumba sita na ukumbi mmoja usiogawika. Kuiuza ilikuwa ni kumtoa shangazi aliyekuwa akiishi humo, na kutoiuza ilikuwa ni kuwaacha warithi wanne na haki ya makaratasi tu. Kujenga juu kulionekana kumaliza yote: kila mmoja apate pake, duka la mbele likodishwe, na jina la mzee libaki mtaani. Familia nyingi za Kikwajuni zimefikia uamuzi huo huo kwa njia hiyo hiyo. Ghorofa, kabla ya kuwa biashara, ni hesabu ya mirathi iliyosimamishwa wima.

Hesabu hiyo ina shimo ambalo watu hulitumbukia wakiwa na nia njema. Kiwanja kimerithiwa kwa mafungu saba, lakini zege halirithiwi. Zege limenunuliwa na mtu. Katika nyumba ya mfano, sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa ami mmoja aliyekuwa Maskati. Hakuandika kitu, wala hakuna aliyemtaka aandike, kwani kumdai ndugu karatasi huonekana kama kumtukana. Miaka ikapita, watoto wake wakauliza: ile fedha ilikuwa hiba, mkopo au ubia? Kila neno katika hayo matatu linagawa nyumba kwa namna tofauti kabisa. Ikiwa hiba, mafungu yanabaki saba na watoto wa ami hawana zaidi ya haki ya baba yao. Ikiwa mkopo, deni hulipwa kwanza ndipo kigawanywe kinachobaki. Ikiwa ubia, kuna mtu mwenye haki katika jengo isiyotokana na urithi hata kidogo. Ndugu waliokaa pamoja siku ya kutia msingi wangeweza kulimaliza kwa nusu saa na kikombe cha kahawa. Baada ya slabu ya tatu lilihitaji kadhi na wazee wa pande mbili. Mtu yeyote anayetaka kujenga juu ya kiwanja cha urithi na aanzie hapo, kabla ya kumwita mchora ramani.

Ujenzi wenyewe una taabu ambazo kiwanja cha nje ya mji hakina. Gari la mchanga haliingii kichochoroni. Linamwaga barabarani usiku, na kabla ya alfajiri vijana lazima wawe wameshausomba kwa mikokoteni na makarai, ama sivyo utapigiwa kelele na wenye magari na kulizwa na manispaa. Mchanga wenyewe ni shida ya kisiwa kizima. Machimbo ya kaskazini, kama ya Donge na Pangatupu, yamechimbwa kwa miaka mingi, serikali imeyawekea masharti, na bei hupanda kila yanapofungwa. Hapo huja kishawishi cha mchanga wa pwani. Unapatikana karibu na ni rahisi, lakini una chumvi, na chumvi hula nondo ndani ya zege polepole, mpaka siku moja dari ya chini hutoa vipande vyenye kutu nyekundu. Fundi mkubwa wa nyumba hii alikuwa akiuonja mchanga kwa ncha ya ulimi kabla ya kuupokea, na mara mbili aliukataa mzigo mbele ya dereva.

Msingi wa Bondeni huchimbwa kiangazi. Mashimo ya nguzo yakichimbwa masika hujaa maji na kingo huporomoka, na zege linalomwagwa kwenye maji halishiki vizuri. Hilo wanalijua wote. Wanaolikiuka ni wale ambao fedha yao imefika mwezi wa Aprili na wanaogopa itatumika kwa jambo jengine. Nguzo hukaa kwenye kingo kabisa za kiwanja, kwa vile hakuna shibiri ya kupoteza, na mara nyingi ukuta mpya hugusana na ukuta wa udongo wa jirani. Ukuta wa udongo huishi kwa kukauka. Ukibanwa na saruji upande mmoja unanywa maji na hauyatoi, na ndani ya misimu miwili huanza kuvimba chini. Nyumba moja mpya huziua hivyo nyumba za zamani zilizo ubavuni mwake, bila ya mtu kuzigusa kwa nyundo.

Siku ya kumwaga slabu ni siku ya mtaa. Usiku uliotangulia mafundi hukagua mirunda inayoshikilia mbao, wakiigonga mmoja mmoja kwa nyundo kusikiliza ulio legevu. Baada ya sala ya alfajiri mashine ya kukorogea zege huwashwa kwenye upana pekee wa njia, na kutoka hapo hadi juu hupangwa safu ya watu ngazini, karai likipanda limejaa mkono kwa mkono na kuteremka tupu upande wa pili. Kazi haikatizwi, maana slabu inayomwagwa nusu leo na nusu kesho hubaki na mshono, na mshono ndio huvuja. Wanawake wa nyumba hupika pilau ya watu wote hao kwa majirani, kwa sababu jiko lao wenyewe limekwisha kuvunjwa. Kwa wiki nzima baadaye mtu hupanda asubuhi na jioni kuimwagia maji. Kazi hii ya mwisho haina utukufu na hukabidhiwa mtoto, na mtoto huisahau. Slabu nyingi za Ng'ambo zenye nyufa za mwanzo zimezipata katika wiki hiyo.

Hatari ya kujenga juu kwa kukisia si ya kubuni. Dar es Salaam, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa nyingi lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Novemba 2024 likaanguka jengo Kariakoo, mtaa ambao nao ulikuwa wa nyumba za Kiswahili kabla ya kugeuka mji wa ghorofa, na zaidi ya watu 20 wakafa. Katika Mji Mkongwe wenyewe, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Kikwajuni mazoea hatari zaidi ni ghorofa ya nyongeza. Msingi hukusudiwa ghorofa mbili, fedha ikipatikana inaongezwa ya tatu, na mjukuu akija na mchumba huongezwa ya nne. Nondo zilizoachwa zikichomoza juu ya paa ndiyo ahadi ya nyongeza hiyo. Lakini nondo za juu hazisemi kitu juu ya msingi wa chini, na aliyeuchimba huenda ameshafariki.

Dirisha ndilo lililozusha ugomvi mkubwa kuliko zege. Ghorofa ya pili ya nyumba mpya ilitazama moja kwa moja katika ua wa jirani, mama mtu mzima aliyekuwa akikaa peke yake na wajukuu. Kwa miaka arubaini alikuwa akioga, akifua na kulala mchana katika ua ule bila ya kujifunika. Dirisha lilipofunguliwa alisubiri siku chache, kisha akaja na kanga mbili kichwani mpaka mlangoni, akawaambia vijana wa nyumba: "Wanangu, nyumba yenu nzuri, Mungu aibariki. Lakini mimi mumenitoa nje." Fiqhi inakataza mtu kutumia mali yake kwa namna inayomdhuru jirani, na wazee wa msikiti walilielewa jambo hilo mara moja. Kibali cha ujenzi hakikuwa na neno juu yake; kilipima urefu na eneo, hakikupima stara. Sheha aliwakutanisha. Ikakubaliwa kwamba dirisha lipandishwe juu ya usawa wa macho na liwe la uwazi wa kuingiza hewa tu. Kwa madirisha ya upande mwengine, yaliyotazama nyumba tatu, hakukupatikana suluhu, na wenye nyumba hizo wakaezeka nyua zao bati. Ua ulioezekwa bati ni chumba chenye joto na giza. Hivyo wao nao wakaanza kufikiria kupanda juu, kutafuta hewa, na mmoja wao ameshapanda.

Hii ndiyo namna ghorofa zinavyoenea Kikwajuni. Nyumba moja inachukua upepo na faragha ya nyumba nne, nazo nne zinasukumwa kufanya vile vile. Nyumba ya chini ilikuwa na nafasi yake tupu ndani, uani. Ghorofa haina, inaazima ya wengine. Baraza nayo imekwenda. Ulipokuwa ukingo wa kukalia pamewekwa mlango wa chuma wa duka au ngazi ya kupandia wapangaji, na wazee wamehamia kwenye viti vya plastiki karibu na barabara, ambako gari likipita humbidi mtu avute miguu.

Chini ya ardhi mambo hayaonekani, lakini ndiyo yenye uzito. Nyumba ya bibi ilikuwa na karo moja la choo kwa watu wanane au tisa. Nyumba mpya ina vyoo saba na, siku za Sikukuu jamaa wakija, zaidi ya watu thelathini, juu ya eneo lile lile. Majengo haya hutegemea makaro, na karo la Bondeni lina jirani mbaya: maji ya ardhi yaliyo karibu. Zanzibar imepata kipindupindu tangu 1978, na mlipuko wa 2015 na 2016 uliwakumbusha watu kwamba kisima na karo havifai kukaa ua mmoja. Mradi wa huduma za mji uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulioanza 2011, ulijenga mitaro mikubwa ya maji ya mvua Ng'ambo, na mafuriko ya baadhi ya mitaa yakapungua. Mtaro lakini ni wa mvua. Anayeunganisha bomba la choo humo usiku anaipeleka karaha yake Kilimani, ufukweni.

Mji huu haukukosa wataalamu wa mipango miji. H. V. Lanchester aliuchorea mpango mwaka 1923, Henry Kendall mwaka 1958, Scholz mwaka 1968 na Wachina mwaka 1982: mipango minne ndani ya miaka 60, na mingi kati yake ikiitazama Ng'ambo kama pahala pa kusafishwa kwanza ndipo pajengwe. Kazi ya Idara ya Mipango Miji na Vijiji iliyoitwa Ng'ambo Tuitakayo, iliyofanywa kwa ushirikiano na mji wa Amsterdam na shirika la African Architecture Matters, ilikuja na mwendo tofauti: kuuliza wakaazi wanathamini nini, na kukichora kilichopo. Atlasi yake ilichapishwa 2019. Ni kitabu kizuri. Fundi anayepima kichochoro kwa kamba, hata hivyo, hana habari nacho, na umbali kati ya kitabu hicho na fundi huyo ndio tatizo lenyewe.

Wanaotaka nyumba za safu zilizopangwa wanaelekea Fumba, kusini magharibi ya kisiwa, ambako kampuni ya CPS inajenga Fumba Town, na ambako Sheria ya Kondominiamu ya 2010 imewawezesha hata wageni kununua. Huko mitaro, mabomba na njia vilitangulia, nyumba zikafuata. Kikwajuni nyumba imetangulia, na vyengine vinaitafuta. Si haki kuwalaumu watu wa mtaa kwa hilo: hawakukuta shamba tupu, na bei ya Fumba haikupangwa kwa mshahara wa muuguzi. Shirika la Nyumba Zanzibar, lililoundwa kwa sheria ya 2014, linasimamia nyumba za maendeleo, na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii umejenga Michenzani Mall hatua chache kutoka hapo. Wapangaji wa kawaida wa katikati ya mji bado wanapata chumba kwa familia kama hii iliyoelezwa, au hawapati.

Katika nyumba ya mfano, suala la fedha ya Maskati liliishia kuhesabiwa mkopo, unaolipwa kutokana na kodi ya duka la mbele mpaka uishe. Kila mtoto wa kiume alipata ghorofa moja na dada watatu wakapata ya chini pamoja na chumba cha nyuma. Ghorofa ya tatu hukodishwa, na mapato yake hugawanywa kwa mafungu saba. Hewa iliyo juu ya paa, ambayo huko Lamu na Mombasa watu huiuza kama kiwanja, iliandikwa kuwa ya wote: hakuna atakayejenga bila ya saini tano na mhandisi aliyeufukua msingi kuuangalia. Kifungu kirefu kuliko vyote katika karatasi hiyo kinahusu karo. Gari la kunyonya haliingii kichochoroni, mpira wake unavutwa kutoka barabarani ukipita mbele ya milango ya watu, na kila linapoitwa gharama hugawanywa kwa idadi ya vyoo, si kwa mafungu ya mirathi, na majirani ambao mpira utapita mlangoni kwao huarifiwa siku moja kabla.